Balbu Niliyoiba Kajiado

Jumamosi, saa moja na nusu jioni. Kitengela. Mwezi wa saba na baridi yake, na upepo umejaza vumbi hadi ndani ya sukari.

Leo nimeiba.

Nimeliandika neno hilo nikalifuta mara mbili, halafu nikalirudisha, kwa sababu shajara hii ya mtandaoni niliianza nikiwa mchumba na niliapa sitaidanganya nikiwa mke wa mtu. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya maharagwe. Ni balbu ya LED, ya kuwekwa nyuma ya mita ya gari. Sasa hivi imelala ndani ya kifuko cha hereni zangu za harusi, hapa kando ya goti langu, na mume wangu yuko jikoni anakaanga vitunguu akiimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake ya chini, ambayo bado inanifanya nisahau nilichokuwa nikisema.

Wiki kumi na moja za ndoa. Ndiyo, bado nahesabu kwa wiki. Dada zangu wananicheka, lakini wao walihesabu pia, ila hawakuandika.

Mutinda ni mtu wa kuninunulia ndizi moja akirudi kazini, moja tu, na kusema aliichagua kati ya ndizi zote za Kajiado. Anafanya kazi kule Kajiado kwenye duka la dawa za mifugo. Kila asubuhi anashika barabara ya Namanga na gari lake la zamani, na kila jioni nasikia mlango wa gari ukifungwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza huwa haushiki, na moyo wangu unashuka ngazi kabla yangu.

Nampenda mpaka naogopa. Hilo nalo nimeliandika, basi.

Sasa habari ya taa.

Siku ya harusi tulitoka kwetu Murang'a jioni, sisi wawili tu ndani ya gari hilo, riboni bado zikipigapiga kwenye milango. Giza lilipoingia, Mutinda akawasha taa, na taa za dashibodi zikakataa. Zilikuwa zimekufa moja moja kwa miaka, akasema, na leo imekufa ya mwisho. Mbele barabara inaonekana vizuri, lakini mita yote ni nyeusi kama sufuria. Hajui anakimbia ngapi. Nikawasha tochi ya simu yangu, nikaielekeza pale kwenye sindano, nikasoma.

"Sitini," nikamwambia.

"Asante, mke wangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo bila mchungaji kumtangulia.

Nilimsomea mwendo wote hadi Kitengela. Sitini. Sabini. Themanini, punguza. Mkono ulikufa ganzi na sikuubadilisha. Tangu siku hiyo, kila tukitoka pamoja jioni, hiyo ndiyo kazi yangu. Hata haulizi. Ananyosha tu kidole kidogo kutoka kwenye usukani na mimi najua anataka nambari. Watu wengine wana wimbo wao. Sisi tuna sitini na sabini.

Lakini siku za kazi anarudi peke yake, gizani, akikisia. Siku moja alitoka hadi Oloitokitok kupeleka dawa, akarudi usiku bila kuona hata kama ana mafuta, na mimi nilikaa dirishani nikiomba. Kwa hivyo ni mimi mwenyewe niliyemwambia atafute fundi. Ni muhimu niliseme hilo kabla sijasema mengine. Ni mimi.

Akampata fundi wa umeme wa magari kule Kajiado. Fundi akasema hakuna haja ya kurudisha zile balbu za kizamani zinazopata moto na kufa. Afadhali abadilishe dashibodi yote iwe ya LED. Zinakula umeme kidogo, zinakaa miaka. Wafanye polepole, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa sababu Mutinda hufunga kazi saa sita siku hiyo. Kwanza swichi za hita, halafu saa, halafu redio, na mwisho mita yenyewe.

Na hapo ndipo fundi alipoingia nyumbani kwangu, kwa mdomo wa mume wangu.

Fundi anasema hivi. Fundi ana mikono myepesi, anatoa dashibodi kama anamenya ndizi. Fundi alicheka leo mpaka akakaa chini. Fundi ameniambia nisiwe nikiacha redio imewaka. Nami nikamtengeneza fundi kichwani: mzee wa miaka hamsini na kitu, ovaroli ya buluu, kipara, miwani iliyofungwa kwa waya. Sijui kwa nini, nikamfanya pia mjane. Nikamhurumia. Mzee mwenye mikono mizuri hivyo na hana wa kumpikia.

Nikaanza kumpelekea chapati.

Jumamosi ya kwanza chapati tatu ndani ya mkebe wangu wa kijani, ule wenye kifuniko cha kubana. Mkebe ulirudi umeoshwa, umekaushwa, na ndani kuna ndimu tatu. Nilifurahi sana. Mama yangu alinifundisha kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na hapa kuna mzee wa Kajiado anayejua adabu. Jumamosi ya pili mkebe ulirudi na siagi ya kienyeji iliyofungwa kwa jani. Ya tatu ukarudi na bangili ya shanga, nyekundu na nyeupe, na Mutinda akasema, "Fundi amesema hii ni ya mwenye chapati."

Nimeivaa wiki nzima. Nimewaonyesha kina mama wa kanisani. Nimewaambia ni zawadi ya mzee mmoja.

Leo nikasema naenda mwenyewe nimwone huyo mzee na nimshukuru. Mutinda akafurahi. Nikavaa ile sketi yangu ya maua, nikajaza mkebe.

Kibanda kiko kando ya barabara, mabati matatu na meza, betri zimepangwa chini kama mikate. Aliyekuwa mezani alikuwa ametupa mgongo, anachomelea waya, moshi mwembamba unapanda juu ya bega lake. Ovaroli ya buluu. Ovaroli nilikuwa nimeipatia. Mengine yote nilikosea.

Akageuka. Miaka yake ni kama yangu. Shingo ndefu, hereni za shanga zinazogusa kola, na mwanya kwenye meno ya mbele, ule mwanya ambao wanaume huutungia nyimbo.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikajibu, kwa sababu kwetu ni Murang'a lakini nimekulia Kitengela, na salamu ya Kimaasai hujibiwa na mdomo kabla kichwa hakijafika.

"Kumbe ndiye huyu Mama Chapati," akamwambia mume wangu. "Na vile umekuwa ukimficha."

"Simfichi. Ni yeye hapendi vumbi."

"Fundi yuko wapi?" nikauliza.

Walitazamana. Hilo ndilo lililonichoma kwanza, shajara. Si mwanya, si shingo. Ni kwamba walitazamana, kama watu wawili walio na kitu kimoja cha kuchekesha.

"Uko mbele yake," akasema Mutinda.

"Ulikuwa unangoja mwanaume?" akaniuliza yeye.

"Nilikuwa nangoja mzee."

Alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kuchomelea asijichome. "Kumbe nimekula chapati za mzee wa watu! Na ndevu zake niko nazo wapi sasa?" Anaitwa Nashipae. Wiki nne nzima sikuwahi kusikia jina hilo kwangu.

Nimefikiria sana jambo hili nikiwa njiani. Mutinda hakunidanganya. Kila neno alilosema lilikuwa la kweli. Ni Kiswahili kilichomfunika fundi. Amesema, amecheka, ana mikono myepesi. Hiyo "a" haivai suruali wala sketi. Kikuyu changu hakingenisaidia, na Kikamba chake ni vilevile. Nashipae mwenyewe alinieleza huku akifungua skrubu za dashibodi, mdomo umeshika bisibisi nyingine. "Kwetu haungekosea. Kimaasai, neno linaanza kwa kusema kama ni mwanaume ama ni mwanamke. Olayioni, kijana. Entito, msichana. Ungejua kabla hata hajamaliza neno."

Kwa hivyo nimeonewa na sarufi.

Nilijaribu kucheka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamtazama akifanya kazi, na kila nilichokuwa nimempendea yule mzee sasa kilinigeuka. Mikono myepesi. Ni kweli ni myepesi. Alivuta uso wa dashibodi kwa vidole viwili, ukatoka na sauti ndogo ya klipu. Akaitoa mita kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni. Nyuma yake kulikuwa na soketi ndogo za duara. Unageuza robo upande wa kushoto na balbu inatoka. Zile za zamani zilikuwa zimevaa vikofia vya kijani vilivyoungua. Alizipanga juu ya kitambaa na kuweka za LED moja baada ya nyingine, akipiga mluzi. Mutinda alikuwa anampa vifaa kabla hajaviomba.

Kabla hajaviomba. Kama mimi na nambari.

Nikasema naenda kununua chai, nipumue kidogo. Nilivuka barabara, nikangoja vikombe vitatu, nikajiongelesha kama mchungaji: Shiku, huyu ni fundi, huyu ni mumeo, hii ni Jumamosi. Nikarudi nimetulia.

Gari lilikuwa limefunikwa shuka.

Shuka jekundu la Kimaasai limetandazwa juu ya kioo cha mbele na lingine kwenye madirisha, limebanwa na milango. Saa tisa mchana. Kwenye kiti cha plastiki hakuna mtu, mezani hakuna mtu. Na kutoka ndani ya gari, sauti ya mume wangu:

"Hapo. Hapo hapo. Usitoe mkono."

"Ngoja basi, nimejikunja vibaya."

"Aisee, ona vile inapendeza."

Chai ilikuwa inanimwagikia vidoleni na sikuisikia. Nilivuta lile shuka la dirisha kwa nguvu zote nilizopewa na ukoo wetu.

Mutinda alikuwa kwenye kiti cha dereva. Nashipae alikuwa amepiga magoti chini, mbele ya kiti cha abiria, mkono wake umeingia nyuma ya mita hadi kwenye kiwiko. Wote wawili walikuwa wamefinya macho kwa mwanga.

"Mama Chapati, funga! Unatuharibia giza."

Walikuwa wanapima taa. Mchana huwezi kuona kama taa ya dashibodi inawaka sawasawa mpaka utengeneze usiku wako mwenyewe, na hivyo ndivyo mafundi wanavyoutengeneza. Nilijua hilo baada ya sekunde tatu. Lakini sekunde tatu ni ndefu, niulizeni mimi.

Nikaingia nyuma na chai zangu. Kiti cha nyuma, kama mgeni. Nimepanda gari hilo wiki kumi na moja na sikuwahi kukaa nyuma.

Halafu shuka likafungwa, na nikaona.

Sitaki kusema ilikuwa nzuri, lakini niliapa sitadanganya. Ilikuwa nzuri. Nambari zote zilitokea gizani, nyeupe, safi, kama zimeandikwa leo asubuhi. Kipimo cha mafuta. Kipimo cha joto. Sindano nyekundu imelala kwenye sifuri. Uso wa Mutinda ulipata mwanga kutoka chini na akawa kijana wa miaka kumi na minane. Alikuwa anatabasamu kwa kitu ambacho si mimi niliyekimulika.

Nilikuwa taa ya gari hilo. Ndiyo wivu wenyewe, nikiukuna mpaka chini. Si kwamba nilidhani wanafanya kitu chini ya shuka. Nilidhani hivyo kwa sekunde tatu tu. Ni kwamba mwanamke mwenye mwanya ameniachisha kazi, na amefanya kazi yangu vizuri kuliko mimi, na mkono wake haufi ganzi.

Sehemu moja tu ilibaki nyeusi. Kuanzia arobaini hadi themanini, pale pale ambapo sindano ya Mutinda hukaa.

"Hii moja imegeuka," akasema Nashipae. "Zile za zamani zilikuwa zinawaka upande wowote, weka vile unataka. LED iko na upande wake. Ukiiweka kinyume inanyamaza tu, unadhani imekufa." Akaichomoa, akaiweka juu ya kitambaa kwenye kiti cha abiria. Halafu akayatoa mashuka, akamwita Mutinda waende mbele wafungue waya wa betri, maana ulikuwa umelegea na hakutaka cheche. Boneti ikafunguka. Ikawafunika wote wawili.

Sikupanga. Mkono wangu ulitoka kiti cha nyuma ukapita katikati ya viti viwili. Ule mkono wenye bangili yake.

Ilikuwa nyepesi mno. Nikaiweka ndani ya leso yangu, leso ndani ya mkoba.

Walitafuta karibu nusu saa. Chini ya mazulia, chini ya viti, kwenye vumbi. Nami nilitafuta, shajara. Nilipiga magoti na sketi yangu ya maua na nikatafuta kitu nilichojua kiko wapi. Mutinda akasema tuweke nyingine tu. Nashipae akatikisa kichwa. Nyeupe za namna hiyo alikuwa na pakiti moja pekee, na imekwisha. Vijana wote wanataka samawati na zambarau, hizo ndizo anazo nyingi.

"Mimi nilimwambia aweke samawati," akaniambia, tukiwa tumeinama pamoja karibu na gurudumu, kichwa chake karibu na changu. Ananukia moshi na maziwa. "Kila mtu anaweka samawati. Akakataa kabisa. Akasema anataka nyeupe, kama tochi ya simu ya bibi yake. Akasema macho yake yamezoea hiyo."

Niliendelea kupapasa mchanga.

Kama tochi ya simu ya bibi yake. Bibi yake ni mimi, na hakuniambia hilo. Alimwambia fundi.

Ningeitoa hapo hapo. Ningesema, ala, kumbe iko hapa kwenye leso, imerukaje. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini alikuwa anainuka, na Mutinda akamnyooshea mkono kumsaidia, tu, kama ambavyo angemnyooshea mtu yeyote aliyekuwa chini, na mdomo wangu ukajifunga.

Basi Nashipae akarudisha mita na tundu lake moja tupu. "Nimeishikisha na klipu tu," akamwambia Mutinda, "sijakaza." Akaingia kibandani na mkebe wangu, akakaa huko kidogo, akaurudisha umefungwa. Tulipowasha gari alikuja upande wangu wa dirisha. Akanishika pale kwenye bangili, akaizungusha polepole kama anayehesabu shanga.

"Usisahau, dada. Iko na upande wake. Isipowaka usiitupe. Geuza tu."

Nilidhani anajisemea mambo ya ufundi. Nilidhani amesahau kwamba anayemiliki gari ni yule mwingine. Nikamwambia sawa, kwa sauti ile ninayoitumia kwa watu wa kuuza sabuni.

Giza lilitukuta baada ya Isinya. Mutinda akawasha taa na dashibodi yote ikafunguka, nyeupe, na katikati pale peusi. Malori yalikuwa mengi. Alitazama pale, akatazama barabara, akatazama tena. Kisha kidole chake kidogo kikanyooka kutoka kwenye usukani.

"Shiku, hapo ni ngapi?"

Nikawasha simu yangu. Niliinama karibu naye kama siku ya harusi. Shati lake lilinukia dawa ya ng'ombe na sabuni yetu.

"Sabini."

"Asante, mke wangu."

Nilikuwa na furaha. Nataka niliandike hilo pia, kwa sababu ndilo baya zaidi. Nilikuwa na furaha kamili, furaha ya wizi, kilomita baada ya kilomita. Mpaka tulipokaribia taa za Kitengela, akanipapasa goti na kusema:

"Usijali, Jumamosi ijayo nitarudi kwa fundi amalizie. Na ile inayofuata pia, mchana mpaka jioni, kwa sababu anataka pia kuangalia taa za nyuma."

Nimeiba balbu ili mume wangu asimhitaji mwanamke yule, na sasa anarudi kwake mara mbili. Ningemuuliza mtu yeyote wa kijiweni, angeniambia hesabu hiyo kabla sijaiba.

Tukiwa bado njiani nilimuuliza, taratibu, kwa nini hakuniambia fundi ni mwanamke.

"Hukuuliza," akasema. Akabadilisha gia. "Na mimi nikimwona naona fundi."

"Na chapati zangu?"

"Ulisema ni za fundi. Nikampa fundi."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Hana hata kona ya kufichia kitu. Mimi ndiye mwenye leso.

*

Nimerudi. Mutinda aliita kutoka jikoni, anataka mkebe wa kijani aweke vitunguu vilivyobaki. Nikautoa kwenye mkoba. Nilipoutikisa ulilia.

Nimeufungulia hapa kitandani.

Ndani ya mkebe kuna skrubu nne. Ni zile za mita. Nilimwona akizifungua leo, zina vichwa vyeusi. Na bisibisi moja ndogo, ya mpini mwekundu, iliyofungwa kwenye kitambaa safi. Hakuna kitu kingine.

Chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Aliniona. Sijui ni saa ngapi, labda kwenye kioo, labda chini ya ukingo wa boneti, labda alijua tu nilipokuwa nikipapasa mchanga kwa bidii ya mtu asiyetafuta. Aliniona na hakusema kitu mbele ya mume wangu. Akatafuta pamoja nami nusu saa nzima, akiwa amepiga magoti, akijua. Na neno lile la tochi ya simu alilisema akijua. Halafu akaenda akaacha kukaza, akanifungia skrubu, akaja dirishani kunieleza upande.

Isipowaka usiitupe. Geuza tu. Hata sentensi yake ni nzuri, na hilo nalo linaniudhi.

Nilitamani awe mbaya. Ingekuwa rahisi. Ningemchukia kwa raha, ningepika chapati za mtu mmoja na kulala. Sasa nimebaki na wivu ambao hauna mahali pa kukaa, kwa sababu mtu niliyemwonea wivu amenitendea wema kuliko ambavyo mimi ningemtendea. Bado namwonea wivu. Sitasema umeisha. Namwonea wivu mikono yake, na mwanya wake, na kwamba mume wangu alimwambia yeye lile neno tamu kabla yangu. Lakini ni wivu wa kuweza kupikiwa chapati.

Mutinda anaita tena. Chakula kiko tayari.

Kuna jambo moja watu wanaosoma hapa hawalijui. Msomaji wa kwanza wa shajara hii huwa ni yeye. Kila nikichapisha, simu yake inalia, anaacha anachofanya, anasoma akiwa amesimama. Hata kama niko chumba kimoja naye. Siwezi kuliweka hili hapa likamkuta kwenye simu, na mimi nimekaa mezani nikimega ugali.

Kwa hivyo nitafanya hivi. Naenda na kifuko cha hereni mkononi, na mkebe, na skrubu. Nitamwambia kabla hatujanawa mikono. Nitamwambia yote, hata zile sekunde tatu. Anaweza kucheka. Anaweza kunyamaza, na Mutinda akinyamaza nyumba yote husikia baridi. Sijui. Ninachojua ni kwamba kesho kabla ya kanisa nitavuta ule uso wa dashibodi kwa vidole viwili, nitageuza soketi robo, nitaweka balbu yangu mwenyewe. Itakuwa bado alfajiri, giza halijaisha vizuri. Isipowaka, nitaigeuza.

Na safari hii ashike tochi yeye.

Ikiwa unayasoma haya, basi nimeshamwambia.